Lisome Ua la Pareto Kuanzia Kitovuni

Mnunuzi wa papai huliminya kwanza. Anayetaka kujua kama muhindi umekomaa huchana maganda, akabonyeza punje kwa ukucha. Pareto je? Wengi wetu huitazama kwa mbali, tukaona shamba limekuwa jeupe, tukaingia na vikapu. Nami nilifanya hivyo miaka mingi. Nimekulia juu ya Molo, ambako umande wa asubuhi huuma vidole, na nilichuma pareto tangu nikiwa mtoto wa shule bila kulichunguza ua lenyewe hata siku moja. Weupe ulinitosha. Sasa najua kwamba huo weupe ndio sehemu ya ua yenye faida ndogo kuliko zote kwa mkulima, na kwamba makosa mengi tuliyoyafanya shambani yangeepukika kama tungejua ua hili limeumbwaje.

Basi chuma moja, ulishike mkononi, tulisome pamoja.

Lipasue kwa ukucha kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Utagundua kwamba ulichoshika ni umati wa maua. Pareto ni ya jamii moja na alizeti, na kama ilivyo alizeti, kile tunachokiita ua ni kichwa kilichobeba vijiua vingi vilivyobanana. Vile vyeupe vya pembeni, vinavyofanana na petali na ambavyo kwa kawaida hufika 20 hivi, kila kimoja ni ua la kike lenye ulimi mmoja mrefu. Havina chavua. Kazi yao kubwa ni kuita wadudu kutoka mbali. Vile vya njano vya katikati ni vingi zaidi, makumi kwa makumi, na mara nyingine huzidi 100. Kila kimoja ni mrija mdogo wenye meno matano mdomoni, na ndani yake mna sehemu ya kiume na ya kike pamoja.

Sasa tazama chini ya kila kijiua, mahali kinaposhikana na kitako cha kichwa. Kuna kitunda kikavu, chembamba, ambacho shambani tunakiita mbegu. Kikikomaa huwa na urefu wa milimita tatu hivi na mbavu tano zinazoonekana vizuri ukiwa na kioo cha kukuzia. Kwenye ngozi yake mna vitezi vidogo vya mafuta, ambamo dawa ya kuua wadudu huanza kutengenezwa, kisha ikakusanyika ndani ya kitunda. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za dawa yote ya ua imo katika vitunda hivyo. Kikonyo kina kidogo mno, majani yana kidogo, na zile ndimi nyeupe zinazopendeza machoni karibu hazina kitu.

Dawa hiyo ni mchanganyiko wa kemikali sita zinazojulikana kwa jumla kama pirethrini. Wanakemia wawili, Hermann Staudinger na Leopold Ružička, walichapisha maelezo ya muundo wake mwaka 1924, na wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi zao nyingine. Pirethrini huingia kwenye neva za mdudu na kuzuia milango ya sodiamu isifungike. Neva inabaki ikipiga ishara bila kutulia, mdudu anatetemeka, anaanguka. Mtu akila au akigusa kiasi kidogo, mwili wake huivunja upesi, ndiyo maana dawa hii imeaminika majumbani kwa muda mrefu kuliko nyingi zilizoikuta sokoni.

Msomaji makini atauliza: ikiwa ua limebeba sumu ya wadudu, nyuki wanalitembeleaje? Jibu limo katika umbo lilelile. Nekta na chavua viko juu, mdomoni mwa mirija. Sumu iko chini, imefungiwa ndani ya kitunda, ikimngoja mdudu atakayekuja kutafuna mbegu. Mgeni anayekunywa mlangoni anaondoka salama, mwizi anayevunja ghala ndiye anayeumia. Na kuna zaidi. Watafiti wamegundua kwamba vichwa vichanga vya pareto hutoa harufu ileile ambayo vidukari huitoa wanapotahadharishana juu ya hatari. Kidukari akiinusa, anakwepa. Wadudu wanaokula vidukari, kama wale dudu-kobe wadogo wenye madoa, huvutwa nayo. Mimi huona haya ni maajabu, na kila nikiyafikiria naliheshimu zaidi ua hili.

Haya yote yana maana gani kwa mwenye kikapu? Yana maana kwamba unapochuma, unachuma vitunda, kwa hiyo ni lazima ujue vitunda vimefikia wapi. Huwezi kuviona kwa nje, lakini vijiua vya njano vinakuambia. Vinafunguka kwa zamu, duara kwa duara, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Kichwa kichanga kina kitovu kidogo, kigumu, cha kijani cha njano, na ndimi nyeupe bado zimesimama wima. Ukikichuma hapo umechuma mapema, vitunda havijajaa dawa. Siku zikisonga ndimi hulala zikawa sawasawa kama sahani, na safu ya kwanza ya vijiua hufunguka, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ukiona ndimi zimelala na safu tatu au nne za njano zimefunguka, huku katikati kabisa kukiwa bado na vitumba vilivyofumba, hapo ndipo. Ukichelewa hadi kitovu chote kigeuke hudhurungi na ndimi zinyauke, uzito utakuwepo lakini nguvu ya dawa itakuwa imeshuka.

Maua ya mmea mmoja hayaivi pamoja, na hili huwachosha watu. Shina moja linaweza kuwa na kichwa kilichopitiliza, kingine kilicho tayari na vitumba vitano vinavyokuja. Usilikate shina lote ili umalize kazi. Rudi shambani kila baada ya wiki mbili hivi msimu ukipamba moto, uchague. Pitisha kikonyo kati ya vidole viwili, kichwa kikae kiganjani, kivute kwa dole gumba kikatike shingoni. Usibebe kikonyo. Nyanya yangu alikuwa akimwaga kikapu cha mtoto aliyechuma na vikonyo na kumwambia aanze upya kuvichambua kimoja kimoja, na wakati ule tulidhani ni ukali tu. Alikuwa sahihi. Kila kikonyo kinachoingia kwenye gunia kinaongeza uzito usio na dawa, na mnunuzi anayepima nguvu ya maua atalipa bei ya chini kwa gunia zima.

Subiri umande ukauke kabla ya kuchuma. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja mvua zilitufukuza shambani, tukashindilia maua mabichi kwenye mifuko ya nailoni, tukaiacha usiku kucha chini ya kitanda. Asubuhi nilipoingiza mkono ndani, yalikuwa na joto kama uji. Juu yalikuwa bado meupe, katikati yalikuwa yamegeuka hudhurungi na kunuka uchachu. Kazi ya wiki nzima ya mama yangu ilikwenda shimoni. Maua yaliyochumwa bado yanapumua, na yakibanwa bila hewa hujipasha moto yenyewe, na joto huiharibu pirethrini. Tumia kikapu kilicho wazi. Usishindilie. Siku hiyohiyo yatandaze juu ya chekeche au jamvi lililoinuliwa kutoka ardhini, safu moja tu, yageuze mara kadhaa. Usiku au mvua ikija yaingize ndani. Ukikaushia kwenye kibanda chenye moto, moto uwe wa kiasi na hewa iweze kupita, kwa maana joto kali huondoa kile unachokitafuta. Ua limekauka vizuri ukilisugua kati ya vidole na kitovu kikavunjika kuwa unga bila kunata. Ili upate kilo moja ya maua makavu utahitaji kama kilo nne za mabichi, kwa hiyo usishtuke gunia likinywea. Yakishakauka yaondoe juani, uyahifadhi mahali pakavu penye giza. Mwanga nao huila dawa polepole.

Jani pia ujifunze kulisoma, hasa kama unanunua miche au umeambiwa kwamba kuna pareto iliyojiotea kando ya njia. Jina la kitaalamu la pareto ni Tanacetum cinerariifolium, na hilo la pili limetoka kwenye neno la Kilatini la majivu. Jani lina rangi ya kijani cha majivu, limechanikachanika hadi karibu na mshipa wa katikati, na chini yake mna manyoya laini yanayolifanya ling'ae kama fedha. Majani mengi hukaa chini, yamekusanyika kama kichaka kidogo, kisha vikonyo vyembamba hupanda juu sentimita 30 hadi 60, kila kimoja kikibeba kichwa kimoja chenye upana wa sentimita tatu au nne.

Mimea inayofanana na pareto ni mingi. Kishona nguo kina ndimi chache nyeupe, nazo mbegu zake zina miiba miwili au mitatu inayonasa kwenye suruali. Mbegu ya pareto haina mwiba wowote, ina utando mdogo tu kama taji juu yake. Deizi kubwa za bustani hudanganya wengi kwa sababu kichwa ni kilekile machoni, kikubwa zaidi labda, lakini jani lake ni la kijani kibichi, limekatwa meno pembeni bila kuchanika, wala halina majivu. Kamomaili nayo ina majani membamba kama nyuzi. Pasua kichwa chake uone: kitako kimeinuka kama kibanda cha msonge na ndani kuna uwazi. Cha pareto ni kipana na kimejaa. Uwe mwangalifu zaidi na gugu karoti. Likiwa changa, majani yake yaliyochanikachanika yanaweza kumpoteza mtu, lakini likikua husimama kwa shina lenye matawi mengi na vichwa vidogo mno, vya milimita chache tu, na linawasha ngozi vibaya. Ukiliona ling'oe ukiwa umevaa glavu, kabla halijatoa mbegu.

Tuliyoyasema juu ya jani yanatupeleka nyumbani kwa pareto. Watu wa Molo, Kinangop, Mufindi, Makete na Musanze tumeizoea pareto mpaka tukadhani ni ya kwetu. Lakini mwituni huota pwani ya mashariki ya Bahari ya Adria, upande wa kaskazini wa Mediterania: Dalmatia nchini Kroatia hasa, na maeneo ya jirani ya Bosnia na Herzegovina, Montenegro na Albania. Huko hukaa visiwani na kwenye miteremko ya mawe ya chokaa inayopanda kutoka baharini, mahali ambapo udongo ni kiganja kimoja kati ya jiwe na jiwe. Maji ya mvua hupotea kwenye nyufa mara yanapoanguka. Majira ya joto ni makavu na jua ni kali. Majira ya baridi huleta upepo wa kukata kutoka bara. Maua hufunguka Mei na Juni, na Wakroatia huyaita buhač, kutokana na neno lao la kiroboto. Unga wake ulikuwa bidhaa maarufu ya Dalmatia katika karne ya 19. Mbegu zilifika Japani katika miaka ya 1880, ambako Eiichiro Ueyama aliutia unga huo katika vijiti vya kuchoma, na baadaye, kwa wazo la mkewe Yuki, katika ule mviringo wa dawa ya mbu tunaoujua sote. Kenya iliipokea mwishoni mwa miaka ya 1920, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokatiza biashara ya Japani, nyanda zetu za juu zikawa ndizo zinazolisha dunia. Leo kisiwa cha Tasmania nchini Australia ndicho kinachoongoza.

Kumbuka mteremko ule wa mawe unapochagua shamba. Rangi ya majivu na manyoya ya jani ni vazi la mmea uliozoea jua na ukame. Utavumilia kiangazi kifupi vizuri kuliko unavyodhani. Usichoweza kuvumilia ni miguu kukaa majini. Nimeona mashamba yaliyopandwa bondeni kwa sababu udongo wa bondeni ni mweusi na unapendeza, na baada ya masika moja mashina yameoza. Panda kwenye mteremko, au tengeneza matuta. Udongo wenye uchachu mwingi nao haufai, kwa kuwa kwao ni chokaa. Pima, na ikibidi ongeza chokaa kabla ya kupanda.

Jambo la pili ni baridi. Pareto haiwezi kuanza kutengeneza vitumba mpaka ipitie wiki kadhaa za usiku wa baridi. Kule Dalmatia kazi hiyo hufanywa na majira ya baridi. Kwetu hufanywa na mwinuko, na ndiyo sababu inalimwa zaidi kuanzia mita 1,800 hivi kwenda juu, hadi karibu 3,000. Kila mwaka hukutana na mtu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam anayetaka kuipanda uani afukuze mbu. Ndugu yangu, utapata majani mazuri ya rangi ya fedha, nayo hayana dawa ya kutosha kumsumbua mbu yeyote, na maua hayatakuja. Ukitaka ua la kupamba ukiwa pwani, tafuta jingine. Ukiwa Ulaya, bustani yenye jua na udongo unaopitisha maji itakufaa, hata kwenye chungu chenye kokoto nyingi, na ukibahatika kutembea vilima vya Dalmatia mwezi Mei, yatazame, yapige picha, uyaache mahali pake. Mashina ya mwituni ndiyo hazina ambayo wazalishaji wa mbegu huirudia wanapotafuta sifa mpya.

Kuhusu mbegu kuna jambo moja la umbile ambalo limewagharimu wakulima wengi. Ua la pareto halikubali chavua ya mmea wake wenyewe. Ni lazima mdudu alete chavua kutoka mmea mwingine usio pacha wake. Kwa hiyo kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na watoto hawafanani: mmoja ana maua mengi yenye nguvu, ndugu yake wa mche wa pili ana maua machache yasiyo na kitu. Ukipanda mbegu zilizookotwa ovyo, shamba lako litakuwa mchanganyiko huo. Njia ya uhakika ni kugawanya mashina. Msimu mzima tembea ukiangalia, ufunge uzi kwenye vichaka vilivyozaa vichwa vingi vya kimo sawa, visivyolala chini wala kuonyesha ugonjwa. Mvua zikianza ving'oe, uvipasue kwa mikono vipandevipande, kila kipande kiwe na mizizi na vichipukizi kadhaa. Punguza majani na mizizi mirefu kwa kisu, upande siku hiyohiyo kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche na 60 kati ya mistari. Kila kipande kitakuwa sawa kabisa na mama yake. Vichwa vya kwanza huanza kuonekana baada ya miezi mitatu au minne, na shamba lililotunzwa hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchoka. Kama ni mbegu unazozitaka, panda mashina ya mama kadhaa tofauti karibukaribu, na usipulizie dawa ya wadudu yanapochanua. Wadudu wanaobeba chavua utawaua kwa mkono wako.

Watu huniuliza pia juu ya kuitumia nyumbani. Unga wa vichwa vikavu, uliosagwa karibuni, hufanya kazi dhidi ya mende, viroboto na siafu ukinyunyizwa kwenye nyufa na kando ya kuta. Lakini kuloweka maua kwenye maji matupu usiku kucha, kama inavyoshauriwa mara nyingi, hakuleti mengi, kwa sababu pirethrini haiyeyuki vizuri majini. Hupenda mafuta na spiriti. Ukipulizia bustani, fanya hivyo jua likizama: mwanga wa jua huivunja dawa hii katika muda wa saa chache, na jioni nyuki wameshalala. Mdudu aliyeanguka anaweza kuinuka tena, kwa kuwa mwili wake nao hujaribu kuivunja. Watengenezaji huongeza kiambato kingine cha kumzuia asifanye hivyo. Soma kibandiko cha dawa unayonunua. Pirethrini imetoka kwenye ua. Alethrini, permethrini na sipamethrini ni za kiwandani, zimeigwa kutoka kwake, na nyingine hukaa muda mrefu zaidi.

Kuwa dawa imetoka kwenye ua hakuifanyi maji ya kunywa. Huua samaki kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo usioshe pampu wala vikapu mtoni. Paka wana mwili dhaifu mbele ya dawa za jamii hii, waweke mbali na unga. Mwenye pumu asisage. Wachumaji wengine huota upele mikononi na usoni kwa sababu ya kemikali nyingine iliyomo kwenye ua, tofauti na pirethrini. Ukiona ngozi inawasha kila ukichuma, vaa glavu na mikono mirefu, uoge kabla ya kumbeba mtoto. Mama yangu alivumilia upele huo misimu mingi akidhani ni baridi.

Msimu ukiisha, vikonyo vikavu vitabaki vimesimama kama ufagio uliopinduliwa. Vikate karibu na kichaka bila kugusa majani ya majivu yaliyo chini, uvitoe shambani, palilia kwa jembe lisilozama sana. Mvua zijazo zikinyesha, pita asubuhi moja na ule uzi wako mfukoni, utazame ni vichaka vipi vimechipua kwanza.